Elimu Huria au Elimu ya Kiungwana? Uhakiki wa Hoja ya Allan Bloom

Kitabu cha Allan Bloom, The Closing of the American Mind, yaani kufungwa kwa akili za Wamarekani, kilitoka mwaka 1987 na kununuliwa kwa wingi usio wa kawaida kwa kitabu cha falsafa. Bloom anadai kwamba vyuo vikuu vya nchi yake vimeiangusha demokrasia. Wanafunzi hufika wakiamini kuwa kila wazo ni sawa na jingine, na chuo, badala ya kuwatikisa kwa Plato na Rousseau, huwaacha walivyo. Akimfuata Tocqueville, anaona kuwa hatari kubwa ya demokrasia ni kutawaliwa na maoni ya wengi. Kwa hiyo lazima pawepo mahali pa kuyahoji. Hoja hii ina uzito. Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha thelathini zenye jibu moja ataielewa.

Lakini anayefundishwa ni nani? Bloom anasema wazi kwamba anawazungumzia wanafunzi wa vyuo bora ishirini au thelathini. Wengine, ambao hali zao haziwapi nafasi ya kusoma hivyo, anawataja na kuwapita. Martha Nussbaum alimkosoa kwa jambo hili mwaka huohuo.

Kiswahili kinatusaidia kuliona tatizo hili vizuri zaidi. Elimu anayoitetea tumezoea kuiita elimu huria. Huria, hata hivyo, ni neno lenye mlango wazi: ndilo tulilonalo katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992. Neno la Kilatini, liberalis, lilimaanisha kitu kinachomfaa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye wasaa wa kusoma kwa sababu kazi inafanywa na wengine. Neno letu lililo karibu nalo ni uungwana. Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, pamoja na sifa yake ya adabu. (Wasomaji wa Kongo watalitambua neno hili katika jina Kingwana.) Kwa maoni yangu, Bloom anaahidi elimu huria na kutoa elimu ya kiungwana.

Ajabu ni kwamba kazi yake mwenyewe inampinga. Mwaka 1968 alichapisha tafsiri ya Jamhuri ya Plato, akishikilia maneno ya mwandishi kadiri alivyoweza ili asiyejua Kigiriki ajisomee bila kutegemea ufafanuzi wa mfasiri. Naye mwalimu wake, Leo Strauss, alipoieleza maana ya elimu hiyo huko Chicago mwaka 1959, alikuwa akiwahutubia watu wazima waliohitimu kozi yao.

Kwetu, Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Tamthilia inayohusu jamhuri inayokufa ikawafikia wasomaji ambao hawamo katika hesabu ya Bloom. Jamhuri ya Plato wengi wetu tungali tunaisoma kwa Kiingereza au Kifaransa.