Kitanda cha Mfumi, Kina cha Mtunzi

Wapenzi wa ushairi wetu wamezoea kumfananisha mtunzi na mfumi. Mfano huo ni mzuri, lakini umechakaa, kwa kuwa wengi wanaoutaja hawajapata kukiona kitanda cha mfumi kikifanya kazi. Ilhali pwani yetu haikuwa ngeni kwa ufundi huu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizitaja nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Waandishi wa Kireno nao waliitaja hariri ya Pate. Lugha yenyewe imetuhifadhia ushahidi: kitanda na mtande ni maneno ya ukoo mmoja, yote yakitokana na kutanda, na mshindio, uzi unaopita kati ya nyuzi za mtande, hutukumbusha kushindilia.

Niliwahi kukaa na fundi aliyekuwa akikifufua kitanda cha zamani chenye vikanyagio, kilichosahauliwa ghalani kwa miaka mingi. Hakuanza kwa kupiga msasa. Alianza kwa kupima kwa kamba, pembe hadi pembe inayoikabili, mara mbili. Vipimo vikihitilafiana, kitanda kimekwenda upogo, na nguo itakayotoka itakwenda upogo vilevile. Kisha akakaza viungo, akaondoa kutu iliyoletwa na upepo wa chumvi, akabadilisha kamba zilizooza. Mbao alizipaka nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia aliyakataa: yakikauka hunata, hushika vumbi, na hutia uzi madoa.

Kosa lilitokea kwenye chanuo, kile kinachotenganisha nyuzi za mtande na kuusukuma mshindio ukae. Meno yake yalikuwa yameliwa na kutu, nasi tukatia jipya lililopendeza macho. Meno yake yalikuwa yameachana zaidi. Nguo ikatoka nyepesi kama chandarua. Hakuna aliyevunja kitu; tulibadilisha kipande kimoja bila ya kuuliza kilikuwa kimebeba nini.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wahariri wa tungo zetu kongwe. Hati za kale, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu na kwa lahaja za kaskazini, huwafikia wasomaji wa leo baada ya kupitia mikononi mwao, na baadhi yao huona ni hisani kuyasanifisha maneno. Chukua ubeti ambao kina chake ni *to*: mito, moto, mato. Mhariri akiandika "macho" mahali pa "mato", maana imebaki, mizani imebaki, lakini kina kimekatika, na msomaji kijana atadhani mtunzi ndiye aliyeshindwa. Huo ni uonevu kwa maiti asiyeweza kujitetea. Dawa yake ni nyepesi: neno liachwe mahali pake, na maana yake iandikwe pembeni.

Lakini nisieleweke kuwa natetea kuvitia vya kale kabatini. Kitanda kisichofuma hulegea: mbao hufura masika na kusinyaa kiangazi bila ya mkono wa kuzikazia, na kamba huoza kimyakimya. Matengenezo yake bora ni kazi ya kila siku: kufuta vumbi la pamba, kukaza kilicholegea, kulegeza mtande jioni kazi inapokwisha. Tungo nazo hutunzwa hivyo hivyo, kwa kusomwa, kughaniwa na kujibiwa.

Basi kabla ya kusifu toleo jipya la utenzi wa kale, tulipime pembe hadi pembe. Tumuulize mhariri: umekaza kilicholegea, au umeng'oa usichokijua? Fundi wetu alirudi ghalani, akalitafuta lile chanuo kuukuu, akalisugua jino kwa jino kwa siku tatu. Nguo iliyofuata ilishikana.