Pongezi kwa Washonaji wa Hando

Hando, sketi ya wanawake wa Kigiriama, hushonwa kwa kitambaa kingi cha pamba kilichokunjwa marinda membamba ili nyonga ijae. Huvaliwa katika ngoma na katika kumbukumbu ya shujaa wa Wagiriama, Mekatilili wa Menza, mjini Malindi. Fundi anayeishona na kuitia rangi astahili pongezi, kwani makosa ndiyo mwalimu wake mkali. Kitambaa kipya kikitiwa rangi bila kufuliwa, wanga wake huacha mabaka. Marinda yakishonwa kabla ya kutia rangi, mikunjo hubaki na michirizi myeupe. Uzi wa poliesta hukataa kabisa rangi ya pamba. Mshono wote huonekana, aibu tupu uwanjani! Kitambaa kilicholowa nacho hudanganya: kikikauka, rangi hupauka. Anayeagiza hando na alipe ujuzi huo ipasavyo.