Chubwi Zilizofunguliwa Adhuhuri

Yule mvuvi tuliyemtazama katika filamu ya mto South Platte, chini ya bwawa la Cheesman kule Colorado, alirusha mshipi kwa ustadi, akasimama nyuma ya samaki pasipo kuwatisha, na kila trauti aliyemwachia alimshika kwa mikono iliyolowa, hayo nayakiri. Lakini kuzifungua chubwi zote mbili adhuhuri, ati kwa kuwa ndoana ilinasa changarawe mara mbili mfululizo, lilikuwa kosa dhahiri, wala silioni udhuru wake.

Natuitazame saa yenyewe. Ni Januari, theluji imetanda hata ukingoni, na maji yatokayo kilindini mwa bwawa yana baridi ya nyuzi 4 hivi. Na kwa kuwa mwili wa trauti hufuata hali ya maji, chakula husagika tumboni mwake taratibu mno, hata asiwe na haja ya kupoteza nguvu kwa kumwandama buu apitaye mbali. Hulala chini, nyuma ya jiwe la matale, pale mkondo ulipolegea, akingoja riziki imfikie kinywani. Nasi tulimwona: kivuli cha kijivu, kisha weupe wa kinywa ukifunguka na kufumba, naye hakusogea hata shubiri. Saa hizo za adhuhuri ndizo chache za siku ambazo mabuu ya usubi huinuka kutoka matopeni, na ndizo hizo mvuvi wetu alizozichagua kumwelesha nzi wake wa bandia juu ya vichwa vya samaki. Ndoana kugusa changarawe ilikuwa bishara ya kina kinachostahiki. Lau angalipunguza chubwi moja tu, au angalilishusha kidogo boya la mshipini, ingalitosha.

Nami narudia lawama yangu ya zamani juu ya boya, maana linawafunza vijana kulitazama lenyewe na kumsahau samaki. Wakongwe wa uvuvi huu hawakulitegemea: mvuvi Mwingereza Skues alitetea uvuvi wa buu wa bandia mbele ya mabwana wa klabu ya wavuvi ya London mwaka 1938, wengi wakimpinga. Na baada yake Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, alimfunga buu wake kwa waya mwembamba wa shaba badala ya hariri, makusudi azame upesi, kisha akamkazia macho trauti mwenyewe. Hao hawangaliogopa changarawe.

Chubwi zile zilistahili kurudishwa mshipini kabla ya saa nane, jua likingali bondeni, nazo hazikurudishwa.