Wimbo wa "Layla" na Kisa cha Majununi



Mtu akirukwa na akili sisi humwita majununi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba neno hilo kwa Waarabu lilikuwa pia lakabu ya kijana mmoja, Qays wa kabila la Banu Amir, aliyempenda Layla mpaka watu wakasema akili zimemtoka. Kisa chake kilisimuliwa kwa Kiarabu karne nyingi, kisha mshairi Nizami wa mji wa Ganja akakitunga kwa Kifarsi mwaka 1188. Na kisa hicho hicho ndicho kilichouzaa wimbo mmojawapo mashuhuri kabisa wa roki, "Layla" wa mwaka 1970. Vijana wetu wanausikia. Basi yatupasa tuupime kwa haki: uzuri wake tuutaje, na kasoro yake tusiifiche.

Mtunzi wake ni Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza. Rafiki yake mkubwa alikuwa George Harrison wa kundi la Beatles, ambaye mwaka 1966 alimwoa Pattie Boyd. Clapton akashikwa na ashiki ya mke wa rafiki yake. Katika dhiki hiyo alikipata kisa cha Nizami kwa Ian Dallas, Mskoti aliyesilimu mwaka 1967 na baadaye akajulikana kama Shaykh Abdalqadir as-Sufi. Clapton alikisoma akajiona ndani yake. Mwaka 1970 aliurekodi wimbo mjini Miami, na katika sahani hiyo hiyo mna wimbo mwingine ambao Nizami ametajwa kuwa mshirika wa utunzi.

Sasa tuusikilize. Unaanza kwa gitaa linalopiga kama mtu anayegonga mlango usiku wa manane, kisha sauti ya mwimbaji inapanda mpaka inakaribia kupasuka, na gitaa la Duane Allman linalia juu yake. Baada ya dakika tatu hivi kelele zinakoma, na piano ya Jim Gordon inaingia polepole, ikiendelea karibu mpaka mwisho wa dakika saba. Sehemu ya kwanza ni ya mtu anayeomba; ya pili ni ya mtu ambaye hakujibiwa. Hata asiyejua Kiingereza atatambua kwamba huyu anaumwa kweli. Hapa mtunzi hakudanganya, na sifa hiyo ni yake.

Tena alijua kusitiri. Watunzi wetu humficha mpenzi kwa fumbo la ua au la njiwa. Clapton alimficha kwa jina la Layla, na jina lake mwenyewe akalificha nyuma ya la kundi, Derek and the Dominos. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwenyewe alimwambia Harrison usoni kwamba anampenda mkewe.

Kasoro iko wapi? Iko katika alichokichukua na alichokiacha. Qays naye alikosea: alilitangaza jina la binti wa watu katika mashairi, na baba wa Layla akamnyima kwa sababu hiyo. Lakini Layla alipoozwa mtu mwingine, Qays hakwenda kuivunja nyumba ile. Alikwenda nyikani akaishi na wanyama. Nizami anasimulia kwamba walipokutana katika bustani ya mitende walisimama mbali mbali. Akamsomea mashairi, akaondoka. Wimbo umechukua jina na wazimu, ukauacha mpaka. Ndani yake mume anatajwa kwa kupita tu, tena kwa lawama, kwamba alimwangusha mkewe. Kwamba mume huyo ni sahibu wa mwimbaji, wimbo hausemi.

Na yaliyofuata yanajulikana. Pattie alipomkatalia, Clapton alijifungia nyumbani kwa takriban miaka mitatu, mtumwa wa heroini. Nyumba ya Harrison nayo ilikuwa na nyufa zake. Mwaka 1974 Pattie alitoka, mwaka 1977 wakaachana rasmi, na mwaka 1979 Clapton akamwoa. Alilolililia akalipata. Ndoa hiyo ikavunjwa na pombe na kukosa uaminifu kabla miaka ya 1980 haijesha. Majununi hakumpata Layla wake. Huyu alimpata, na maradhi hayakupona, kwa kuwa hayakuwa ya kukosa mwanamke.

Mwaka 1992 aliuimba tena, ameketi, kwa gitaa lisilo la umeme, taratibu. Maneno ni yale yale, ila aliyeyaimba ana miaka 46 na ameshayaona matokeo yake. Nuskha hiyo ilimpa tuzo ya Grammy, na mimi naiona imeizidi ile ya kwanza kwa ukweli, japo si kwa nguvu.

Nawe mzazi, ukimkuta mwanao anausikiliza, usikimbilie kuizima redio. Keti naye, msimulie kisa chote cha Qays, mpaka pale bustanini. Kisha muulize: katika wimbo huu, rafiki yuko wapi? Mwache atafute jibu mwenyewe, kwani siku moja naye atakuwa na rafiki, na rafiki huyo atakuwa na nyumba.

Wabillahi tawfiq.