Kidonda kidogo, gesi kifuani: tunausoma vibaya utafiti wa London

Bandugu, wale kati yetu wanaotaka tuchange pesa ya kamera ya kupasulia watoto wachanga kifuani wanautaja sana utafiti mmoja wa London. Wanausema kama ushahidi kwamba kazi hii inawezekana hata kwa mtoto wa siku chache. Nimeusoma upya. Kuwezekana, ndiyo, iliwezekana. Lakini waandishi wenyewe hawakumaliza na furaha hiyo.

Ulitoka 2013 katika jarida la Annals of Surgery. Waganga wa Great Ormond Street, kundi la Profesa Agostino Pierro, walichukua watoto wachanga 20: 10 wenye tundu katika ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, na 10 waliozaliwa na umio uliokatika. Kwa kura, wengine walipasuliwa wazi kwa njia ya zamani, wengine walipasuliwa kwa matundu madogo, kamera ndani, gesi ya CO2 ikisukumwa kifuani.

Gesi hiyo ya nini? Mimi natumikia upande wa usingizi, basi mniruhusu nikae hapa kidogo. Mpasuaji anahitaji nafasi, na pafu linajaza nafasi yote. Kwa mtu mzima tunaweza kumwekea mpira wenye njia mbili, pafu moja likapumua na lingine likalala. Koo la mtoto mchanga ni jembamba mno kwa mpira huo, njo maana gesi inafanya kazi ya kulilaza pafu. Wanachagua CO2 kwa sababu haiwaki moto wa umeme unapochoma mshipa, na ikiingia kwenye damu inayeyuka upesi kuliko hewa ya kawaida. Lakini kuyeyuka huko njo mutego wenyewe. Mtoto anaivuta gesi ndani ya damu, na wakati uleule pafu la kuitoa limebanwa.

Huko London waliipima ndani ya mshipa wa damu, hawakukisia. Waliopasuliwa wazi walikuwa na CO2 ya 61, wa kamera 83. Kawaida ni karibu 40. Asidi ya damu: pH 7.24 kwa wale wa kwanza, 7.13 kwa wa kamera, wakati mtu mzima wa afya yuko juu ya 7.35. Kwa wale wenye tundu njo hali ilikuwa mbaya zaidi, na waandishi waliandika wazi kwamba matokeo yao hayaungi mkono kutumia njia hii kwa ugonjwa huo. Kwa umio walisema bado ichunguzwe.

Nina lawama kwa utafiti. Watoto 20 ni wachache sana, tena ukiwagawa kwa ugonjwa kisha kwa njia ya upasuaji, unabaki na kakundi kadogo ambako mtoto mmoja anaweza kugeuza hesabu yote. Halafu CO2 ikipanda, mishipa ya ubongo inapanuka. Kilichompata mtoto huyo akifika darasa la kwanza, watoto 20 hawawezi kutujibu. Na upande wa pili una hoja ya haki: kufungua mbavu za mtoto kunaweza kumwachia uti wa mgongo uliopinda. Siidharau.

Lawama yangu kubwa iko kwetu wasomaji. Tunachukua neno "kamera" na kuacha mashine ya kupima gesi za damu iliyokuwa pembeni yake. Bila hiyo, mtu wa usingizi anaangalia kapnografu tu, kama anayo, na pafu likiwa limelala kapnografu inaonyesha namba ndogo kuliko ile iliyo katika damu. Unaona 45, unatulia, kumbe mtoto anazama.

Sasa mlete mtoto huyo kutoka Rubaya. Barabara mnaijua, na tangu Aprili 2024 mnajua nani anaishika. Utafiti mkubwa uliotoka katika Lancet mwaka 2021, hospitali 264 katika inchi 74, ulihesabu watoto waliozaliwa na kasoro za njia ya chakula na tumbo: katika inchi maskini walikufa 39.8 kwa mia, katika inchi tajiri 5.6. Sidhani kuna mtu hapa anayeamini tofauti hiyo inatokana na urefu wa kidonda. Mtoto wetu anafika na baridi, mate yamekwisha kuingia mapafuni, na siku tatu zimepita.

(Koltani inatokaka kwetu, inageuzwa tantali ndani ya vifaa vya elektroniki. Kamera hiyo ikifika Goma, pengine itakuwa na kaudongo ketu ndani. Tutaonyeshwa bei.)

Kwa hiyo mchango wangu muniandikie kwa oksijeni, kitanda cha joto, mupira wa kufyonza mate na kipimo cha gesi za damu. Vile vikifanya kazi mwaka mzima bila kukatika, na mtu wa usingizi akiwa amefundishwa kwa watoto, mniulize tena juu ya kamera.