Juzuu ya Katikati: Maoni ya Wasomaji juu ya "Minara Miwili"

Katika hadithi yo yote ndefu, mwanzo husifiwa kwa kutuita, na mwisho husifiwa kwa kutupumzisha. Sehemu ya katikati ndiyo ibebayo mzigo, na aghalabu ndiyo ilaumiwayo. Jambo hili huonekana waziwazi pale kazi moja inapogawanywa katika juzuu kadhaa. Katika insha hii twakusudia kuyapima maoni ya wasomaji juu ya juzuu moja ya namna hiyo, nayo ni The Two Towers, yaani "Minara Miwili", ya J. R. R. Tolkien wa Uingereza. Tumeichagua kwa sababu lawama zinazotolewa juu yake zafaa kuwafunza wanafunzi wetu namna ya kuhakiki. Aidha, ndani yake umo ukurasa mmoja unaomhusu sana msomaji wa Kiafrika, ambao wasomaji wenye haraka huuruka.

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kazi yake kuu, The Lord of the Rings, ambayo twaweza kuiita "Bwana wa Pete", aliitunga iwe kitabu kimoja chenye sehemu sita. Wachapishaji ndio walioigawa katika juzuu tatu, maana gharama za karatasi na uchapaji baada ya vita zilikuwa kubwa. Juzuu ya kwanza ilitoka Julai 1954, ya pili Novemba 1954, na ya tatu Oktoba 1955.

Juzuu ya pili inaanza wakati kundi la wasafiri, waliotoka pamoja ili kuiangamiza Pete ya mtawala mwovu Sauron, linavunjika. Nusu yake ya kwanza inamfuata Aragorn na wenzake katika Rohan, nchi ya wapanda farasi, mpaka kushindwa kwa mchawi Saruman. Nusu ya pili inawarudia Frodo, mchukuzi wa Pete, na mtumishi wake Sam, wakiongozwa katika mabwawa na majabali na Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na Pete hiyo hiyo. Inapokwisha, Frodo yu hai mikononi mwa adui, na Sam amefungiwa nje ya lango.

Lawama ya kwanza ya wasomaji ni kwamba kitabu hiki hakina mwanzo wala mwisho. Lawama hiyo ilikuwa na haki yake mwaka 1954, kwa kuwa mnunuzi alilazimika kungoja miezi kumi na mmoja ili ajue yatakayompata Frodo. Lakini asili yake ni uamuzi wa biashara. Msomaji wa leo, awezaye kuzipata juzuu zote tatu kwa pamoja, hana sababu ya kumdai mtunzi mwisho mahali ambapo mtunzi hakukusudia kumaliza. Hata jina la juzuu lilitokana na mgawanyo huo, na Tolkien mwenyewe alisitasita katika barua zake ni minara ipi hasa inayotajwa, kwani hadithi ina minara mingi. Lawama ya jina twaikubali.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba nusu mbili za kitabu hazishikamani. Apendaye vita na farasi huchoshwa na nusu ya pili, akisema ni watu watatu wanaotembea tu. Apendaye safari ya Frodo hulalamika kwamba amenyimwa habari zake kwa nusu nzima ya kitabu. Yafaa tukumbuke kwamba Tolkien aliyasikia maoni kama haya. Katika dibaji aliyoiandika kwa toleo la pili, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba sura ambazo baadhi ya wasomaji waliziona kuwa ni dosari, wengine walizisifu kwa namna ya pekee. Basi wingi wa sauti hautoshi kuamua. Inatupasa kuuliza kila nusu inafanya kazi gani.

Tuchukue nusu hiyo ya pili inayosemwa kuwa yachosha. Karibu na mwisho wake, Gollum anarejea na kuwakuta Frodo na Sam wamelala. Anamtazama Frodo, anakaribia kujuta, anamgusa taratibu kama mzee aliyechoka. Sam anaamka na, kwa kumdhania mabaya, anamtolea maneno makali. Nafasi ile inapotea, na Gollum anakwenda kuwasaliti. Hapana panga lililochomolewa, lakini hatima ya mtu mmoja imegeuka kwa neno moja la ukali kutoka kwa mtu mwema. Mwandishi hangeweza kulileta jambo hili bila ya kurasa zile za mwendo mrefu, kwa kuwa ndizo zilizotufanya tumjue Gollum kiasi cha kumhurumia. Kwa hiyo tunasema kwamba polepole ya sehemu hii ina kazi yake.

Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2002 ilizichanganya nusu hizo mbili ili mtazamaji asimpoteze Frodo. Ilibadili pia tabia ya Faramir. Katika kitabu, jemadari huyu anaikataa Pete na kumwacha Frodo aende zake. Katika filamu anamchukua kwanza kama mateka kuelekea mjini, na baadaye ndipo anamwachilia. Wako wasomaji waliokasirika, na wako waliosema kwamba mtu anayeshawishika huaminika zaidi. Mjadala huo ni mzuri. Walakini mwanafunzi anayeandika juu ya Faramir kwa kuitegemea filamu peke yake anaijibu kazi nyingine, naye mwalimu hana budi kumwonyesha tofauti hiyo.

Wapo pia walioikataa kazi nzima. Edmund Wilson wa Marekani, mwaka 1956, aliiona kuwa ni kitabu cha watoto kilichopita mipaka yake. Edwin Muir, mshairi wa Uskochi, alilalamika mwaka 1955 kwamba watu wake wazima ni wavulana tu. Wasomaji wa baadaye wameongeza kwamba wanawake ni wachache mno, na katika juzuu hii ni Éowyn peke yake aliye mwanamke wa maana miongoni mwa wanadamu. Haya yote yana ushahidi ndani ya kitabu, na hatuwezi kuyafuta kwa mapenzi.

Sasa tufike kwenye ukurasa tuliousema. Katika nusu ya pili, askari wa Faramir wanalivamia jeshi la watu wa Kusini walioitwa kumpigania Sauron. Mmoja wao anaanguka karibu na Sam, amekufa. Ngozi yake ni ya kahawia, na nywele zake nyeusi zimesukwa kwa dhahabu. Sam, ambaye kazi yake ni kutunza bustani, hashangilii. Anajiuliza jina la yule mtu ni nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa mwovu moyoni mwake, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao, ilhali huenda angalipenda kubaki kwa amani.

Juu ya ukurasa huu wasomaji wamegawanyika. Wengine wasema kwamba katika kazi nzima watu weusi na wa kahawia wa Kusini na Mashariki husimama upande wa uovu, na huruma ya ukurasa mmoja haitoshi kuliondoa doa hilo. Wengine wasema ukurasa huu wathibitisha kwamba mtunzi alimjua adui kuwa ni binadamu. Sisi twaona kila upande una hoja. Ni kweli kwamba mtu yule hapewi jina wala kauli, na anahurumiwa akiwa maiti tu; mhakiki wa Kiafrika akilinyamazia hilo, atakuwa hakufanya kazi yake. Lakini ni kweli pia kwamba swali la Sam limeachwa wazi, na ukubwa wake unavipita vita vyote vya juzuu hii.

Swali hilo linagonga mlango wetu. Sura za nusu hii Tolkien aliziandika mwaka 1944, akazituma kidogo kidogo kwa mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini katika jeshi la anga la Uingereza. Mwaka huo huo askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa Burma, wakipigana katika Bonde la Kabaw chini ya bendera ya Mwingereza. Nani aliyeuliza majina ya walioanguka, na kama wangalipenda kubaki kwao? Shaaban Robert alivitungia vita vile Utenzi wa Vita vya Uhuru, na kwa hiyo lugha yetu haikukaa kimya. Hatudai kwamba Tolkien aliwafikiria askari wale. Alikataa katakata kazi yake isomwe kama fumbo la vita vya wakati wake. Lakini katika dibaji ile ile alikiri kwamba msomaji ana uhuru wa kuyahusisha anayoyasoma na maisha anayoyajua. Uhuru huo ni wetu pia.

Kwa walimu twapendekeza hivi. Mwanafunzi akisema kwamba juzuu ya katikati imemchosha, asikemewe, wala asisifiwe kwa ujasiri. Aombwe aoneshe ukurasa uliomchosha, aeleze ukurasa huo unatayarisha nini, kisha aamue kama kazi hiyo ingaliweza kufanyika kwa njia nyingine. Akimaliza, asomewe habari ya askari wa Kusini, na aulizwe yeye angalimpa jina gani, na kwa nini mtunzi hakumpa.