Treetops: ufundi wa 1932 ulioshinda ule wa 1957

Treetops, hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri, Kenya, ikitajwa, wengi hukumbuka Februari 1952 tu. Elizabeth wa Uingereza alipanda mtini akiwa binti wa mfalme, na baba yake, George VI, akafariki dunia kabla binti huyo hajaondoka Kenya, naye akawa malkia. Kisa hicho kimeufunika ufundi unaostahili kuchambuliwa: namna wageni walivyolazwa katikati ya tembo na vifaru, nao wanyama wasishtuke.

Siri ya kwanza iko nje ya msitu, mjini Nyeri. Eric Sherbrooke Walker na mkewe Bettie walikuwa tayari na hoteli ya Outspan, yenye bustani, jiko kubwa na vyumba vya kulala. Walipojenga Treetops mwaka 1932, hawakuhamishia mambo hayo porini. Mgeni alikula chakula cha mchana Outspan, akaacha masanduku yake huko, akabeba mfuko mdogo wa usiku mmoja. Gari lilimfikisha karibu, kisha akatembea kwa miguu nyuma ya mwindaji mwenye bunduki. Kando ya njia hiyo kulikuwa na ngazi zilizopigiliwa kwenye miti, ili nyati au kifaru akitokea, kila mtu apande upesi. Msituni palifika macho na masikio tu; mizigo na kelele za hoteli zilibaki mjini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili juu ya mugumo. Wakikuyu huuheshimu mti huo kama mahali pa sala na sadaka, wala haukatwi ovyo. Ndiyo maana mugumo mkongwe hukutwa umesimama hata pale miti mingine ilipokwisha. Matawi yake manene yalibeba sakafu, na kimo chake kiliiinua harufu ya binadamu ikapita juu ya pua za wanyama. Chini palikuwa na maji na udongo wenye chumvi, ambayo wenye hoteli waliiongeza. Hapakuwa na haja ya kumtafuta mnyama. Jioni alikuja mwenyewe kulamba.

Mahali hapo palikuwa na sifa nyingine. Treetops imo katika ulimi mwembamba wa msitu unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua (Aberdare) kuelekea Nyeri, njia ya kale ya tembo waliokuwa wakivuka kwenda Mlima Kenya. Mashamba yalipoenea, njia ikazibwa. Tembo waliendelea kushuka, lakini sasa walifika mwisho wa njia, penye chumvi, wakajazana hapo.

Nyumba ya kwanza ilichomwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954. Iliyojengwa 1957, ng'ambo ya maji, ilisimama juu ya nguzo, ikazidi kupanuliwa hadi kufikia vyumba kama 50. Hapo ndipo ninapoona kosa. Wageni wengi walitaka wanyama wengi kila usiku, na chumvi ikawahakikishia. Tembo waliobanwa mahali pamoja walibambua magome, wakavunja miche, wakachimba udongo. Msitu ukarudi nyuma mpaka jengo likabaki katika uwanja mtupu. Baadaye ilibidi vipande vya ardhi vizungushiwe uzio wa umeme ili miti ipate kuota tena. Uzio mkubwa wa Aberdare, wa takriban kilomita 400, ulioanzwa 1989 na kukamilika 2009, umewalinda wakulima na msitu kwa pamoja, na mimi nauunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, haukuirudisha njia ya tembo.

Kwa hukumu yangu, mpango wa 1932 ulikuwa bora kuliko wa 1957. Nawasihi wanaotoa vibali vya hoteli kando ya misitu yetu ya asili wasiishie kwenye ramani ya jengo. Waulize mambo matatu: jiko litakuwa wapi, vitanda vitakuwa vingapi, na wanyama wanaovutwa hapo watatokea upande gani wakishakunywa.